Seli dendriti

Seli dendriti ni seli za mfumo wa kinga ambazo kazi yake kuu ni kunasa vipande vya vimelea na kuvionyesha kwa seli T, ili hizo zijue adui ni nani. Hutengenezwa katika uboho wa mifupa na hupatikana karibu katika tishu zote, hasa zile zinazopakana na nje ya mwili: ngozi, pua, mapafu na utumbo. Jina linatokana na neno la Kigiriki dendron (mti), kwa sababu zina matawi marefu. Zisichanganywe na dendriti za seli za neva, zilizopewa jina kwa sababu ya umbo hilohilo.

Kazi

Seli dendriti changa hukaa katika tishu na kumeza vitu vinavyoizunguka. Ikigundua dalili ya hatari, kwa mfano kipande cha ukuta wa bakteria, hukomaa na kusafiri kwa njia ya limfu hadi kwenye tezi za limfu. Hukatakata protini za kimelea kuwa vipande vifupi na kuvibeba juu ya utando wake kwa molekuli ziitwazo MHC. Huko kwenye tezi, seli T hupita na kuvikagua. Ile inayolingana na kipande huanza kugawanyika mpaka kuwa jeshi kubwa, kazi inayochukua siku kadhaa.

Kuonyesha kipande peke yake hakutoshi. Seli T huhitaji pia ishara ya pili, ambayo seli dendriti huitoa kikamilifu ikiwa imekomaa tu. Bila ishara hiyo, seli T hulemaa au hufa. Ni njia mojawapo ya mwili kujifunza kuvumilia chakula na tishu zake wenyewe. Sehemu hii ya kazi husahauliwa mara nyingi: seli ileile inayoanzisha vita ndiyo inayoweza kuizuia.

Chanjo hutegemea njia hiyohiyo. BCG, kwa mfano, huchomwa ndani ya ngozi, mahali penye seli dendriti nyingi.

Ugunduzi

Mwaka 1868 Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, aliona seli zenye matawi katika ngozi akadhani ni za neva. Mwaka 1973 Ralph Steinman na Zanvil Cohn wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walieleza seli dendriti walizoziona katika wengu la panya. Zilikuwa chache mno, na wanasayansi wengi walitilia shaka umuhimu wake. Mwaka 1978 Steinman alionyesha kwamba huamsha seli T angalau mara 100 kuliko seli nyingine za wengu.

Katika magonjwa

Virusi vya UKIMWI hujishikiza kwenye seli dendriti na kubebwa hadi kwenye tezi za limfu, ambako kuna seli T nyingi za CD4, zilezile ambazo virusi huziangamiza. Kwa maneno mengine, mlinzi humpa mwizi lifti. Katika malaria, chembe nyekundu za damu zenye Plasmodium falciparum zinaweza kuzuia seli dendriti zisikomae. Uvimbe wa saratani nao hutoa kemikali zenye athari kama hiyo. Katika ugonjwa wa lupus tatizo ni kinyume: aina moja ya seli hizi hutoa interferoni kupita kiasi.

Tiba

Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha sipuleucel-T kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa. Seli za mgonjwa hutolewa katika damu, huamshwa maabara, kisha hurudishwa mwilini. Katika jaribio kuu iliongeza maisha kwa takriban miezi minne, faida ndogo kwa tiba ya gharama kubwa.

Steinman mwenyewe aligunduliwa na saratani ya kongosho mwaka 2007, akajaribu chanjo zilizotengenezwa kwa seli zake dendriti. Aliishi miaka minne zaidi, ingawa mgonjwa mmoja hawezi kuthibitisha tiba. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011. Siku tatu baadaye alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel pamoja na Bruce Beutler na Jules Hoffmann. Kanuni haziruhusu kumtunuku marehemu, lakini kwa kuwa kamati haikujua habari za kifo chake, tuzo haikubatilishwa.