Wageni Mlangoni mwa Msikiti wa Kizimkazi

Ndugu zetu wa Ruhembe na Mikumi, wilayani Kilosa, wanawajua watalii kwa sababu ya Mbuga ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Wageni wale hufuata tembo na simba. Unguja mambo ni mengine: huko hata msikiti hutazamwa.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi mihrabuni yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 18, na bado husaliwa humo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wageni wa nje walipungua sana visiwani. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ikafunguliwa, ikaja sheria ya vitega uchumi ya 1986, na utalii ukawa tegemeo la uchumi. Korona iliwakatiza mwaka 2020, kisha wakarudi. Mwaka 2023 walizidi laki sita.

Je, asiyekuwa Muislamu aingie msikitini? Imamu Malik amezuia ila kwa haja. Imamu Shafii ameruhusu kwa idhini ya Muislamu, isipokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka, kwa aya ya 28 ya Surat Tawba. Abu Hanifa amepanua zaidi. Hoja ya wanaoruhusu ni Thumama bin Uthal, aliyefungwa kwenye nguzo ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.) ilhali ni mushrik. Siku tatu aliwaona Waislamu katika ibada yao. Alipoachwa huru alikwenda kuoga, akarudi mwenyewe kutoa shahada. Hakulazimishwa.

Basi kwa sisi tulio wengi wa madhehebu ya Shafii, uzito uko kwenye neno idhini. Idhini si tiketi. Anayeitoa ana haki ya kutaka mgeni ajisitiri, avue viatu na asubiri nje watu wakisali, na mimi naona asiyeweza kumwambia mgeni hayo kwa adabu asishike ufunguo.

Na fedha? Kwa Mashafii, mchango wa asiyekuwa Muislamu kwa msikiti hupokelewa. Lakini kilichotolewa kwa msikiti ni cha msikiti, na msimamizi ni amini tu. Malipo ya mtembeza wageni ni ujira, mkataba mwingine kabisa, wala havitiwi sanduku moja.