Historia ya Raketi ya Tenisi ya Meza

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkemea mvivu ambaye kila siku hulaumu chombo chake huku shamba likimea magugu. Lakini mkulima wa Kitui au wa Makueni anajua kuwa neno hili lina mpaka wake. Mvua ikiwa haba, hapandi mbegu yoyote aliyoletewa. Huchagua pojo, mtama, mbaazi, au mahindi ya Katumani yakomaayo upesi, kwa sababu anaijua ardhi yake na anayajua mawingu yake. Kuchagua kwa namna hiyo si uvivu, bali ni elimu. Katika insha hii tutaitazama historia ya chombo kidogo, yaani raketi ya tenisi ya meza, tupate kujua ni lini chombo humsaidia mchezaji, ni lini humdanganya mpinzani, na kwa nini sheria ililazimika kuingia kati.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Katika Kiswahili neno mpira lina maana zaidi ya moja. Ni jina la mmea utambaao katika misitu ya pwani yetu, ambao utomvu wake ulikusanywa na kuuzwa ng'ambo katika karne ya 19. Ni jina la kitu kinachotengenezwa kwa utomvu huo. Tena ni jina la tufe la kuchezea, hata kama limetengenezwa kwa kitu kingine. Katika tenisi ya meza hutokea kioja: mpira upigwao haukutengenezwa kwa mpira, bali raketi ndiyo iliyovikwa mpira! Basi ili tusichanganyikiwe, vazi hilo la raketi tutaliita utando.

Mchezo huu ulianza Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, ukiwa burudani ya watu wenye nafasi baada ya chakula cha jioni. Raketi za kwanza zilikuwa za namna nyingi. Baadhi zilikuwa za ngozi iliyowambwa juu ya fremu mfano wa ngoma, na nyingine zilikuwa ubao mtupu. Karibu na mwaka wa 1900 mpira mwepesi wa selulodi ulianza kutumika, na mchezo ukaenea upesi. Yapata mwaka wa 1902 ukatokea utando wenye vinundu vidogo vidogo, na mapokeo humtaja Mwingereza E. C. Goode kuwa ndiye aliyeubandika kwanza juu ya ubao.

Utando huo wa vinundu ulitawala kwa muda wa miaka 50 hivi. Tabia yake ni rahisi kueleza. Mpira hugusa ncha za vinundu tu, nao hauna nafasi ya kushikwa. Kwa hiyo mchezaji hawezi kuuzungusha sana wala kuusukuma kwa kasi kubwa. Matokeo yake ni kwamba mwenye subira alimshinda mwenye nguvu. Katika mashindano ya dunia ya Prague, mwaka wa 1936, Ehrlich wa Poland na Paneth wa Romania waligombea pointi moja kwa zaidi ya saa mbili. Watazamaji walichoka, na wakuu wa mchezo wakatambua kuwa ulinzi ulikuwa umezidi mno. Baadaye wavu ulishushwa hadi sentimita 15.25, na mipaka ya muda ikawekwa.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka wa 1952 mjini Bombay, India. Mjapani Hiroji Satoh aliingia ukumbini na raketi iliyovikwa sponji nene. Hadi siku hizo wachezaji walikuwa wamezoea kusikiliza: mlio wa utando wa vinundu uliwaambia jinsi mpira ulivyopigwa. Raketi ya Satoh haikutoa mlio. Mpira ulizama katika sponji, kisha ukaruka kwa kasi wasiyoitarajia. Mabingwa wa Ulaya walishindwa mmoja baada ya mwingine, na Satoh akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kutwaa ubingwa wa dunia wa wanaume katika mchezo wa mmoja kwa mmoja. Hakuutwaa tena.

Ushindi huo ulizusha swali zito: ni nani aliyeshinda, mtu au sponji? Wengine walitaka sponji ipigwe marufuku kabisa. Wengine walisema kuwa kuzuia chombo kipya ni kuua mchezo. Mabishano yalidumu kwa miaka, hata mwaka wa 1959 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi ya Meza likaamua jambo la kati. Sponji tupu ilikatazwa. Utando wa vinundu usio na sponji uliruhusiwa, usizidi unene wa milimita 2. Sponji iliyofunikwa kwa utando nayo iliruhusiwa, ikiwa vyote pamoja na gundi havizidi milimita 4. Uamuzi huo wa busara ndio msingi wa raketi za leo.

Baada ya hapo kila namna ya uchezaji ilijitafutia utando wake. Tutazame aina nne zilizo mashuhuri.

Aina ya kwanza ni utando laini, ambao vinundu vyake hutazama ndani na uso wake hunata. Huu huushika mpira na kuuzungusha sana. Ulipata sifa karibu na mwaka wa 1960, Wajapani walipovumbua pigo la kuupandisha mpira kwa mzunguko mkali. Humfaa mshambuliaji, lakini uso uushikao mpira huathiriwa pia na mzunguko wa mpinzani, kwa hiyo asiyejua kuusoma mzunguko huo huadhibiwa nao.

Aina ya pili ni utando wa vinundu vifupi vinavyotazama nje, juu ya sponji. Huu humfaa apigaye upesi akiwa karibu na meza. Wachina wengi walioshika raketi kama mtu ashikavyo kalamu waliutumia kwa ufanisi, na Zhuang Zedong aliutwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, mwaka wa 1961, 1963 na 1965.

Aina ya tatu ni utando wa vinundu virefu na vyembamba. Vinundu hivi hulala mpira unapovigusa, na mzunguko alioutia mpinzani humrudia mwenyewe ukiwa kinyume chake. Ni silaha ya mlinzi. Aina ya nne ni utando wa kuteleza, unaofanana kwa macho na utando laini, lakini huua mzunguko wa mpira.

Hapo hila ikaanza. Katika miaka ya 1970 wachezaji kadhaa walibandika aina moja upande huu na aina nyingine upande wa pili, zote za rangi moja. Mchezaji aliigeuza raketi mkononi, na mpinzani hakujua amepigiwa kwa upande upi. Masikio yalipojaribu kusaidia, wengine walikanyaga sakafu kwa kishindo ili kuuficha mlio. Sheria ikaingia kati tena. Mwaka wa 1983 iliamriwa kuwa pande mbili zenye utando tofauti ziwe na rangi tofauti, na mwaka wa 1986 rangi hizo zikawa nyekundu na nyeusi. Tangu Oktoba 2021 upande mmoja sharti uwe mweusi, na wa pili waweza kuwa na rangi nyingine angavu iliyoidhinishwa. Basi rangi za raketi si pambo. Ni ahadi ya uaminifu kati ya wachezaji wawili.

Je, baada ya hila kuondolewa, utando ulipoteza maana? La. Deng Yaping wa China alikuwa na urefu wa mita moja na nusu hivi, na alipokuwa mtoto wakubwa walimkataa kwa ufupi wake. Alitumia utando laini upande mmoja na vinundu virefu upande wa pili, akatwaa medali nne za dhahabu katika Olimpiki za mwaka wa 1992 na 1996. Wapinzani wake wote waliziona rangi mbili za raketi yake, lakini hawakuweza kumzuia.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya mashindano husema kuwa upande wa raketi utumiwao kupiga mpira lazima uwe na utando. Mwanafunzi wa Mwingi au wa Wote aliyejifunza kwa ubao mtupu, akipewa raketi ya utando siku ya mashindano, atastaajabu kuona mpira ukimruka juu au ukizama wavuni. Hakushindwa kwa uvivu. Alifundishwa kwa jembe lisilo la shamba lile. Dawa yake si ghali kama idhaniwavyo. Sheria haiamuru umbo, ukubwa wala uzito wa raketi; hutaka ubao ulio bapa na mgumu, ambao angalau asilimia 85 ya unene wake ni mti wa asili. Je, katika nchi ya Wakamba, ambao uchongaji wao umejulikana duniani tangu siku za Mutisya Munge wa Wamunyu, atakosekana fundi wa kuuchonga? Kitakiwacho kununuliwa ni utando ulioidhinishwa, nao huonyesha alama ya Shirikisho. Anayeanza na achukue utando laini wenye sponji nyembamba, apate kuujua mzunguko kabla ya kutafuta silaha za pekee. Na kwa kuwa vumbi la kiangazi huua unataji wake, aufute kwa kitambaa chenye maji kidogo na kuufunika kila amalizapo kucheza.

Mchagua jembe si mkulima, ikiwa huchagua ili asilime. Bali aujuaye udongo wake na mkono wake, akachagua, kisha akalima kutwa, huyo ndiye mkulima hasa.