Uchovu Sugu Baada ya Tiba ya Saratani ya Utotoni

Kiswahili kimezoea kuuona uchovu kama tokeo la kazi. Mvuvi anayerudi Kibirizi alfajiri baada ya kukesha ziwani akivua dagaa huambiwa "pole na kazi". Aliyeteremka kwenye treni Kigoma mjini, baada ya zaidi ya kilomita 1,200 za reli ya kati kutoka Dar es Salaam, huambiwa "pole na safari". Ndani ya pole hizo mna nadharia nzima ya uchovu: una chanzo ambacho kila mtu anakiona, na una dawa ambayo kila mtu anaijua, yaani kupumzika. Istilahi ya kitabibu "uchovu sugu", inapotumika kwa watoto waliopona saratani, inakwenda kinyume na yote mawili. Inataja uchovu unaodumu na kutesa, unaogusa mwili, hisia na akili, usiolingana na kazi aliyoifanya mtu, usioisha kwa kulala, na unaomzuia kufanya shughuli zake za kawaida, ukihusiana na saratani yenyewe au na tiba yake. Jina hilo nalikubali. Lakini likiachwa peke yake, hasa katika mazingira kama ya Kigoma, linaweza kumdhuru mtoto yuleyule lililokusudiwa kumsaidia. Linahitaji kutamkwa pamoja na chanzo chake, na linahitaji kutolewa baada ya uchunguzi, si kabla.

Kuichagua Kigoma si kwa bahati tu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kutoka Kampala hadi Johannesburg, wakipita hospitali kwa hospitali kuuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Ramani iliyotokana na safari hiyo ilifuata hali ya hewa: uvimbe ulikuwa wa nchi zenye joto na mvua, zisizozidi takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ufuko wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo Ujiji na vijiji vyote vya ufukweni vimo ndani kabisa ya mpaka huo. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa ndani ya seli za uvimbe huo, na baadaye ikafahamika kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huvisaidia kuleta madhara. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Kigoma wana vimelea, kiwango kilichoipita mikoa mingine yote ya Tanzania Bara. Limfoma ya Burkitt, kama uvimbe huo unavyoitwa leo, basi ni saratani ya utotoni ambayo mwambao huu una sababu ya kuijua kwa jina. Na ni saratani inayosikia dawa upesi: tangu miaka ya 1960 ilionekana kwamba siklofosfamaidi peke yake yaweza kuuyeyusha uvimbe ndani ya siku chache. Wanaopona wapo, na wataongezeka.

Ni nini basi kinachojulikana juu ya maisha yao baada ya kupona? Ushahidi mkubwa unatoka Amerika ya Kaskazini, ambako tangu mwaka 1994 watafiti wamewafuatilia maelfu ya watu waliougua saratani utotoni na kuwalinganisha na ndugu zao wasiougua. Ripoti yao ya mwaka 2008 juu ya uchovu na usingizi ilikuta asilimia 19 ya waliopona wakiwa katika kundi la wenye uchovu mkubwa zaidi. Watafiti haohao walisema wazi kwamba kwa wastani tofauti kati ya waliopona na ndugu zao ilikuwa ndogo. Msomaji mwenye shaka atasimama hapo na kuuliza: kama tofauti ni ndogo, istilahi ya nini? Jibu ni kwamba wastani huwafunika walioumia. Wengi wa waliopona wanaishi na nguvu kama za watu wengine, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wapo wachache ambao uchovu umewaharibia masomo, kazi na ndoa, na hao si wa kubahatisha. Walikuwa zaidi wanawake, waliopigwa mionzi na wenye sonona. Jina linahitajika kwa ajili yao, kama vile hatuhitaji kila mtoto awe na pumu ndipo tuwe na neno "pumu".

Sasa tulitazame neno. Kiswahili hakikosi maneno ya mwili uliochoka. Yapo "mavune", ambayo ni uchovu na maumivu ya viungo baada ya kazi ngumu au mwendo mrefu. Ni neno zuri, na ni kosa kulitumia hapa, kwa sababu limefungwa kwenye kazi kuliko hata "uchovu". Upo "unyong'onyevu", ulio karibu zaidi: mwili umelegea na moyo umepoa pasipo sababu ya wazi. Kasoro yake ni kwamba humwelezea mtu jinsi anavyoonekana na wengine, ilhali jambo tunalolitaja ni la ndani. Mtoto anaweza kucheka na kucheza asubuhi, akawa amekwisha saa nne. "Udhaifu" unaeleza misuli peke yake na kuiacha akili, nasi tunajua kwamba sehemu kubwa ya uchovu huu ni kushindwa kushika wazo mpaka mwisho. Yanabaki maneno ya mtaani, nayo yana makali. "Kuchoka" siku hizi ni kufilisika au kuchakaa. "Mchovu" ni mtu asiye na maana. Ndiyo sababu tusikubali hata siku moja mtoto aitwe "mchovu sugu". Hali aliyonayo ipewe jina, yeye abaki na jina lake. "Uchovu" kama nomino ya hali inatosha, kwa kuwa kila mtu anaielewa na ni rahisi kuiongezea maneno ya kuifafanua.

Taabu kubwa iko kwenye "sugu". Asili ya neno ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, ile ya kiganja cha mpiga kasia, na kutoka hapo likapata maana ya kitu kisichosikia. Katika tiba tunalitumia kwa njia mbili zisizofanana. "Ugonjwa sugu" kwa daktari ni ugonjwa wa muda mrefu, kama kisukari, ambao mara nyingi hudhibitika vizuri sana. "Vimelea sugu" ni vile visivyouawa na dawa. Katika mkoa ambako malaria ni sehemu ya kila mwaka wa utoto, maana ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na sikio: mzazi akisikia "malaria sugu" anaelewa malaria iliyozishinda dawa. Akiambiwa mwanawe ana "uchovu sugu", ana haki kabisa ya kuelewa kwamba hakuna tena la kufanya, arudi nyumbani. Hapo istilahi itakuwa imesema uongo kwa sauti ya kweli.

Maana mambo ya kufanya yako mengi, na mengine ni ya haraka. Doksorubisini, dawa ambayo hutumika kwa saratani kadhaa za watoto, inaweza kuudhoofisha moyo miaka mingi baada ya tiba kumalizika, na moyo unaoshindwa hujitangaza kwanza kwa uchovu. Mionzi iliyopigwa shingoni au kifuani inaweza kuizima tezi ya thairoidi taratibu. Mtoto hupungukiwa homoni, husinzia, huona baridi, na kidonge kimoja kwa siku humrudishia nguvu. Vinkristini, dawa nyingine ya saratani, huweza kuumiza neva za miguu hata kila hatua ikagharimu nguvu zaidi. Kuna upungufu wa damu, kuna sonona, kuna usingizi uliovurugika. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2020 kwa ajili ya waliopona saratani utotoni inataka wote waulizwe kuhusu uchovu kila wanapokuja kliniki, na sababu hizi nyingine zitafutwe. Kwa hiyo "uchovu sugu baada ya tiba ya saratani" ni jina linalobaki mkononi baada ya moyo kusikilizwa, damu kupimwa na tezi kuchunguzwa. Likitolewa mlangoni, kabla ya vipimo, linakuwa kifuniko.

Atatokea mtu wa Kigoma aseme: hapa nani hajachoka? Mtoto wa ufukweni huchota maji, huanika dagaa, hutembea mwendo mrefu kwenda shule, na katikati ya hayo yote ana malaria, minyoo na mlo mmoja. Utautenganishaje uchovu wa saratani na huo? Pingamizi hili ni zito, nami nalichukua kama sababu ya kuongeza umakini, si ya kuliacha neno. Malaria inapimwa kwa tone la damu na kutibiwa kwa siku tatu. Minyoo ina dawa yake. Upungufu wa damu unaonekana maabara. Hivyo vyote vinaweza kufanyika zahanati au kituo cha afya bila kusubiri rufaa. Mtoto akitibiwa hayo, akala, akalala, na bado hana nguvu, hapo historia yake ya saratani inaanza kusema. Ila zahanati haiwezi kuisikiliza historia isiyoijua. Mtoto wa kijiji cha wilaya ya Uvinza kinachofikiwa kwa boti alitibiwa hospitali ya Bugando kule Mwanza, au Muhimbili na Ocean Road kule Dar es Salaam. Akirudi bila karatasi inayotaja dawa alizopewa na mahali alipopigwa mionzi, mganga wa zahanati ataona mtoto mlegevu na kuandika malaria, na ndivyo yeyote angefanya.

Pingamizi jingine ni la vipaumbele. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto 400,000 hivi hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, katika nchi maskini chini ya asilimia 30. Katika hali hiyo, wengine wataona kuzungumzia uchovu wa aliyepona ni anasa wakati wengi wanakufa kwa kuchelewa kufika hospitali. Siamini kwamba mambo haya mawili yanashindana. Mpango wa shirika hilo uliozinduliwa mwaka 2018 wa kufikisha uponaji asilimia 60 ifikapo 2030 unaahidi, kwa hesabu yake wenyewe, kuwazidisha waliopona. Na kijiji huamua kama saratani inatibika kwa kumtazama aliyerudi. Akirudi akaishia kulala kibarazani huku majirani wakimwita mvivu, mzazi mwingine mwenye mtoto aliyevimba taya atapima gharama ya safari ya Mwanza na kusita.

Hapo ndipo lilipo jambo linaloitwa "ubora wa maisha", istilahi ambayo husikika kama habari ya bati, umeme na sakafu ya saruji. Hiyo ni hali ya maisha. Ubora wa maisha, kwa maana iliyokusudiwa na Shirika la Afya Duniani, ni namna mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, ndani ya utamaduni wake na akilinganisha na anayoyatarajia. Maana hiyo inataka tuache kupima uchovu kwa viwango vya mbali. Kijana wa Katonga anayetarajiwa kuingia chomboni na binti wa Ujiji anayetarajiwa kumaliza kidato cha nne hawapungukiwi na kitu kimoja wanapokosa nguvu. Wa kwanza hukosa kuhesabiwa miongoni mwa wanaume wenzake. Wa pili hukosa somo la mchana. Na tiba yenye ushahidi, ambayo ni mazoezi ya mwili yanayoongezwa kidogo kidogo pamoja na elimu juu ya uchovu wenyewe, inapingana na huruma yetu ya kawaida. Desturi humwambia aliyeugua apumzike. Kupumzika bila mwisho humwongezea ulegevu. Mzazi anayeujua uchovu wa aina moja tu, ule wa kazi, atamzuia mtoto kucheza mpira kwa mapenzi kabisa.

Mwisho ni swali la kliniki. "Umechoka?" ni swali bovu, kwa sababu mtoto aliyefundwa adabu hujibu hapana mbele ya mkubwa, na aliyesafiri kwa boti usiku kucha hujibu ndiyo. Afadhali kuuliza: "Ukilala vizuri usiku, asubuhi unaamka na nguvu?" na "Siku hizi kuna jambo uliloliacha kwa sababu nguvu hazifiki?" Kwa mtoto mdogo mzazi ndiye hujibu, na tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba majibu ya mzazi na ya mtoto hayafanani, hasa kwa mambo ya ndani yasiyoonekana. Basi mzazi aulizwe aliyoyaona kwa macho: mchezo ulioachwa katikati, ndoo aliyoitua njiani mara ngapi, daftari lililobaki tupu baada ya saa sita. Mtoto akishaweza kujieleza, aulizwe yeye, na jibu lake liandikwe kando ya la mzazi wake.