Maporomoko ya Rusumo: Kabla Hujapiga Selfi, Jua Nani Wamepita Hapo

Ukitoka Geita na washkaji, mahema kwenye buti, ukapita Bwanga na Biharamulo, barabara inakufikisha Rusumo, wilayani Ngara. Hapo Mto Kagera unajirusha kwenye miamba, upande huu Tanzania, upande ule Rwanda. Sio marefu kihivyo, ila mngurumo wake usipime!

Sasa cheki historia. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alivuka hapo kuingia Rwanda, akitokea Pangani. Ndiye huyo baadaye akawa gavana, vita vya Maji Maji vikamkuta madarakani. Vitabu vinamtaja yeye. Na wale wapagazi waliobeba mahema yake, vyakula na risasi miezi kibao? Majina yao hutayaona. Mzigo wao, sifa za bosi.

Miaka 100 baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, wakikimbia Rwanda. Masufuria kichwani, watoto mgongoni. Chini yao mto ulikuwa unashusha maiti za mauaji ya kimbari kuelekea Ziwa Victoria. Wakapiga kambi Benaco, hapo hapo Ngara. Hiyo haikuwa kambi ya kula bata.

Leo maji yale yale yanazalisha umeme, megawati 80, wanagawana Tanzania, Rwanda na Burundi.

Piga picha zako freshi tu. Ila kama una bibi au mjomba Ngara aliyewapokea wale watu, mkalishe akusimulie, na majina uyaandike. Wapagazi hakuna aliyewaandikia.