Kuteleza si kuanguka: Jinsi marubani wa ndege ndogo wanavyojifunza kwa kuponea chupuchupu

Ndege ndogo si ngeni kwa wasikilizaji wetu wa vijijini. Wengi mmeiona ikishuka kwenye uwanja wa nyasi, watoto wakiikimbilia na mchungaji akihangaika kuondoa ng'ombe. Huleta daktari, watalii au wageni wa misheni. Tangu mwaka 1957, madaktari wanaoruka, ambao leo tunawajua kwa jina la AMREF, wamekuwa wakitumia ndege za aina hiyo kutoka Nairobi kuwafikia wagonjwa wa mbali.

Ila si kila anayeshika usukani wa ndege ndogo ameajiriwa kuirusha. Wapo wenye leseni ya rubani binafsi: mkulima, mfanyabiashara au daktari anayejirusha mwenyewe, bila kulipwa kwa kubeba watu. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, mtu anaweza kupata leseni hiyo akiwa na miaka 17, baada ya kuruka kwa kiasi cha saa 40 tu na kufaulu mitihani.

Saa 40 zinatosha kumfundisha mtu kuruka na kutua. Kujua siku ya kutoruka ni somo refu zaidi. Katika makala hii tunaeleza jinsi marubani hawa wanavyolipata somo hilo kutokana na makosa ambayo nusura yawaue.

Nini maana ya kuponea chupuchupu?

Ajali ni pale ndege inapoharibika au watu wanapoumia. Kuponea chupuchupu ni pale kila kitu kilipokuwa tayari kwa ajali, lakini haikutokea. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Hata hivyo, aliyeteleza akaendelea na safari bila kuangalia alipokanyaga, kesho atapita palepale.

Tuchukue mfano wa kubuni. Rubani anaondoka Dar es Salaam Jumapili alasiri kwenda Moshi. Amechelewa, na Jumatatu asubuhi anatakiwa kazini. Anapofika karibu na Korogwe anaona mawingu mazito yamefunika milima ya Usambara. Angeweza kugeukia Tanga, alale huko. Anasema moyoni, "Nitapita chini ya mawingu." Anashuka kidogo na kuifuata barabara kuu. Mbele ya Mombo mawingu yameshuka zaidi, naye anashuka tena. Karibu na Same mvua inanyesha, giza linaingia, milima iko upande wake wa kulia na haioni. Halafu mawingu yanaachana ghafla, taa za Moshi zinaonekana, anatua salama. Nyumbani anapokewa kwa furaha.

Amejifunza nini? Hapa ndipo penye hatari. Akijisemea "mimi ni hodari", amejifunza kinyume cha ukweli. Safari ijayo atapita tena chini ya mawingu, tena kwa moyo mkunjufu kuliko mara ya kwanza. Bahati ni mwalimu mbaya kwa sababu humpa alama nzuri mwanafunzi aliyekosea.

Mlima uliokuwa umeshatoa onyo

Kuna tukio la Marekani linaloonyesha gharama ya kuponea chupuchupu bila habari kuwafikia wengine. Lilihusu ndege kubwa ya abiria, lakini mafunzo yake yaliwafikia hata marubani wa ndege ndogo.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa ikielekea Washington. Kwa sababu ya upepo mkali ilielekezwa kwenye uwanja wa Dulles. Iliporuhusiwa kukaribia uwanja, marubani walielewa kwamba wanaweza kushuka hadi futi 1,800. Waongoza ndege nao walielewa ruhusa hiyo kwa namna nyingine. Kati yao na uwanja palikuwa na mlima uitwao Mount Weather. Ndege ikaugonga, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba wiki chache kabla, ndege ya shirika jingine, United, ilikuwa imefanya kosa lilelile mahali palepale na kunusurika kidogo. Marubani wake walitoa taarifa, na shirika lao likawaonya marubani wake wengine. Lakini onyo halikutoka nje ya shirika hilo. Marubani wa TWA hawakulisikia.

Baada ya msiba huo, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, iliwaomba marubani waripoti makosa yao. Marubani wakasita. Mamlaka hiyo ndiyo yenye uwezo wa kuwanyang'anya leseni, sasa nani ajipeleke mwenyewe kwa hakimu?

Jibu lilipatikana mwaka 1976: kazi ya kupokea taarifa ikapewa NASA, shirika la anga za juu, ambalo halina uwezo wa kumwadhibu rubani. Rubani anaeleza kilichotokea, wataalamu wanasoma, kisha wanaondoa jina lake na kila kinachoweza kumtambulisha. Akiripoti ndani ya siku 10, na kama hakukusudia kuvunja sheria, wala si suala la jinai au ajali, kwa kawaida anaweza kusamehewa adhabu hata kosa likijulikana kwa njia nyingine. Mafunzo yanayotokana na taarifa hizo husambazwa kwa marubani wote, wa mashirika makubwa na wa ndege ndogo.

Uingereza ilianzisha mpango unaofanana na huo mwaka 1982. Leo kanuni za ICAO zinazitaka nchi wanachama, zikiwemo za Afrika Mashariki, kuwa na utaratibu wa hiari wa kupokea taarifa za namna hiyo na kumlinda anayezitoa.

Makosa yanayojirudia

Marubani wa ndege ndogo wanapokaa na kusimuliana, makosa manne hurudi mara kwa mara.

La kwanza ni kuingia mawinguni bila ujuzi wa kuruka kwa kutegemea vipimo. Ukiwa ndani ya wingu huoni upeo wa macho. Sikio la ndani, linalotusaidia kujua kama tumesimama wima au tumeinama, hudanganyika. Rubani huhisi ndege imenyooka kumbe inazunguka ikishuka. Katika jaribio lililofanywa na Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1954, marubani 20 wasio na ujuzi huo walizuiwa kuona nje ya ndege. Wote 20 walipoteza udhibiti. Kwa wastani iliwachukua sekunde 178, yaani chini ya dakika tatu.

Kosa hili halichagui mtu. Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa aliyekuwa rais wa Marekani, aliruka usiku kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard akiwa na mkewe na shemeji yake. Alikuwa na leseni ya rubani binafsi, bila kibali cha kuruka kwa vipimo. Juu ya bahari palikuwa na ukungu na giza. Ndege ilianguka baharini, wote watatu wakafa. Wachunguzi walihitimisha kwamba rubani alipotewa na mwelekeo akashindwa kuidhibiti ndege.

La pili ni mafuta. Geji za ndege ndogo haziaminiki sana, ndiyo maana rubani makini hufungua tangi na kupima kwa kijiti kabla ya kuondoka. Marekani, ndege ndogo inayoruka mchana kwa kuona nje inatakiwa iondoke na mafuta ya kufika iendako na ziada ya dakika 30. Usiku dakika 45. Tatizo huanza pale ziada inapohesabiwa kuwa sehemu ya safari.

La tatu ni uzito, joto na mwinuko. Hewa ya sehemu ya juu ni nyepesi, na joto huifanya kuwa nyepesi zaidi. Bawa linapata nguvu kidogo, injini nayo inapungua nguvu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Ndege iliyopaa Mombasa asubuhi bila shida, ikiwa na mzigo uleule, itahitaji njia ndefu zaidi ya kupaa Wilson saa nane mchana. Rubani asiyepiga hesabu hugundua akiwa ameshafika mwisho wa uwanja, miti iko mbele.

La nne ni haraka ya kufika, nalo ndilo hubeba mengine yote. Harusi, mkutano, familia inayosubiri uwanjani. Rubani wa shirika kubwa ana msaidizi pembeni na ofisi inayoweza kumkatalia. Rubani binafsi mara nyingi yuko peke yake. Yeye ndiye anayetaka kufika, na yeye huyohuyo ndiye anayepaswa kujiambia hapana.

Mawazo matano ya kuogopa

Mamlaka ya Marekani huwafundisha marubani kutambua mawazo matano yanayoharibu uamuzi, na jibu la kujipa kwa kila moja. Anayesema "kanuni ni za wengine" ajikumbushe kwamba kanuni nyingi zina sababu. Mwenye papara asimame kwanza, afikiri. Anayeamini "haliwezi kunipata mimi" ajue linaweza. Anayetaka kuonyesha ushujaa atambue kwamba kubahatisha ni upumbavu. Na anayesema "liwalo na liwe" akumbuke kwamba bado mikono iko kwenye usukani, bado kuna la kufanya.

Jinsi ya kulivuna somo

Rubani aliyenusurika, afanye nini akishatua?

Kwanza, aandike siku hiyohiyo. Kadiri siku zinavyopita, kumbukumbu huanza kumtetea mwenyewe. Mawingu yanakuwa mepesi kuliko yalivyokuwa, na mafuta yanakuwa mengi kuliko yaliyokuwemo.

Pili, arudi nyuma kutafuta mahali ambapo kugeuka kulikuwa rahisi. Katika mfano wetu wa Moshi, hatari ilionekana wazi Same, lakini uamuzi mbaya ulifanyika Korogwe, kulipokuwa na mwanga, mafuta na njia ya kwenda Tanga. Kosa la uamuzi mara nyingi huja kidogokidogo, kila hatua ikionekana ndogo ukiilinganisha na iliyotangulia.

Tatu, aweke mipaka yake akiwa ardhini, ametulia. Kwa mfano: "Mawingu yakiwa chini ya kiwango hiki, siruki. Saa fulani ikinikuta sijafika mahali fulani, narudi." Mpaka uliowekwa mezani ni mgumu kuusogeza kuliko unaowekwa hewani.

Nne, amweleze mtu. Mwalimu wake, marubani wenzake, au utaratibu wa taarifa wa nchi yake. Hapa aibu ndiyo kikwazo kikubwa. Mficha uchi hazai, na rubani anayeficha kosa hamwokoi mwenzake.

Jaribio la Illinois nalo lina upande wa matumaini. Marubani walewale walipofundishwa hatua chache za kugeuza ndege taratibu na kurudi walikotoka bila kuona nje, wengi wao waliweza.

Wewe unayesoma unahusikaje?

Kama utapanda ndege ndogo, usimshinikize rubani. Akisema leo haturuki, mshukuru. Akikuuliza uzito wako na wa mzigo, sema ukweli; debe la asali ulilolificha linaingia kwenye hesabu yake ya kupaa. Na kama kijijini kwenu kuna uwanja wa ndege, mifugo na watoto wasiwe njiani hata kama ndege hazijaonekana wiki nzima.

Usipopanda ndege maisha yako yote, somo bado ni lako. Dereva wa bodaboda aliyelipita lori kwenye kona akapona, mvuvi aliyetoka na ngalawa upepo ukiwa mkali akarudi, mkulima aliyepuliza dawa bila kujifunika akapata kizunguzungu tu: wote wameponea chupuchupu. Swali ni kama watanyamaza, au jioni kijiweni watasema, "Leo nilikosea, na nilikosea hapa."

Marubani wa United walisema, na wenzao wa shirika lao wakaonywa. Watu 92 walikufa kwa sababu habari hiyo haikufika kwa jirani.