Nani Aliifanya Vitz Kuwa Rahisi?

Ukiuliza Dar es Salaam kwa nini Toyota Vitz zimejaa barabarani, jibu hukosi: bei yake inashikika, hainywi mafuta, spea zipo kila kona. Yote ni kweli, ila ni matokeo, chanzo hakijaguswa. Magari madogo yasiyokula mafuta yalikuwepo tangu zamani, Volkswagen za duara na Datsun 1200 zikiwa mfano, na bado mfanyakazi wa kawaida wa Tanzania katika miaka ya 1970 aliishia kuyatazama yakipita. Ninachosema mimi ni kwamba urahisi wa gari dogo la mtumba ulitengenezwa na sheria za nchi mbili pamoja na mikono ya mafundi wa gereji bubu. Toyota ilifanya sehemu tu ya kazi hiyo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, gari binafsi lilihesabiwa kuwa anasa. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na chache hizo zilitakiwa zinunue matrekta, malori na mabasi. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973, ikafika mahali hata kuendesha gari binafsi Jumapili mchana kukazuiwa. Katika hali hiyo gari lingeweza kuuzwa bei ya kutupa huko nje na lisingefika Tanzania, kwa sababu aliyelitaka hakuwa na njia halali ya kupata dola. Mlango ulianza kufunguka katika bajeti ya Juni 1984, mwenye fedha zake za kigeni aliporuhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Yakafuata makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, kisha Azimio la Zanzibar la 1991 lililowalegezea viongozi masharti ya kumiliki mali, kisha sheria ya fedha za kigeni ya 1992 iliyoleta maduka ya kubadilisha fedha. Ndani ya miaka 8 dola ilitoka kwenye foleni ya Benki Kuu ikawa kitu cha kununuliwa dirishani. Vitz ya kwanza ilizinduliwa Japani Januari 1999, ikakuta njia imeshasafishwa.

Sheria ya pili ni ya Wajapani wenyewe. Kwao gari jipya la binafsi hukaguliwa likitimiza miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Na hadi 1995 lililovuka miaka 10 lilipaswa kukaguliwa kila mwaka. Ukaguzi huo, shaken kwa lugha yao, huambatana na kodi ya uzito, bima ya lazima na matengenezo, hivyo mwenye gari hupiga hesabu akaona heri aliachie. Gari lenye afya njema huishia mnadani, likiwa na karatasi inayoeleza kila mkwaruzo na alama lililopewa. Kuna atakayesema kwamba yaliyotuletea Vitz ni injini yake nzuri na usukani wa kulia tu. Basi na aitazame Uingereza. Huko nako wanaendesha kushoto kama sisi, na gari hilohilo liliuzwa kwa jina la Yaris, likachukua tuzo ya Gari Bora la Ulaya la mwaka 2000. Mbona barabara zetu hazikujaa Yaris za Waingereza? Ukaguzi wa Uingereza ni wa kila mwaka lakini gharama yake ni ndogo, kwa hiyo Mwingereza hulitumia gari lake mpaka lichoke. Mjapani huliacha likiwa bado na nguvu. Tofauti hiyo ndiyo tuliyoinunua.

Ushuru wetu nao ukaweka mkono wake. Tanzania ilipanga ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: gari lenye injini isiyozidi sisi (cc) 1000 halitozwi, hadi 2000 asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Injini ndogo ya Vitz ina sisi 997. Pia Tanzania ikaongeza tozo kwa uzee, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30 kwa lililozidi hapo, wakati Kenya imekataa kabisa lililozidi miaka 8. Vitz mbili zinaweza kutoka mnada mmoja siku moja, zikashushwa Mombasa na Dar es Salaam, na zikafika mikononi mwa wanunuzi kwa gharama zisizofanana kabisa.

Lakini gari likishatoka bandarini, urahisi wake hulindwa na fundi, na hapa ndipo historia inapowasahau watu wake. Kabla ya Vitz ilikuwepo Toyota Starlet. Vijana waliojifunza ufundi kwa kushika spana chini ya mafundi wakubwa walizifungua na kuzifunga Starlet hadi wakazijua kwa kupapasa, na maduka ya Gerezani na Kariakoo yakajaza spea za Toyota. Vitz ilirithi mtandao huo. Hata redio ilihitaji fundi wake, maana ya Kijapani huanzia megahezi 76 na kuishia karibu na 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Wapo wanaosema mitumba iliua viwanda vya kuunganisha magari. Kenya ilikuwa navyo tangu miaka ya 1970, na pigo lililovipata ni la kweli. Ila wateja wakubwa wa viwanda hivyo walikuwa serikali na makampuni. Mwalimu wa shule ya msingi hakuwa kwenye hesabu zake. Nyayo Pioneer, gari la Kenya lililoanza kubuniwa 1986, halikufika sokoni kabisa. Hoja kwamba mitumba inachafua hewa kwa moshi ni nzito zaidi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyouzwa nje kati ya 2015 na 2018, na fungu kubwa kuliko yote lilikuja Afrika. Siipingi. Naongeza tu kwamba hadi mwanzoni mwa 2006, petroli yenye risasi ilipokoma kusini mwa Sahara, ni mafuta yetu wenyewe yaliyoharibu kichuja moshi cha gari lililotoka Japani likiwa safi. Hapo pia sera ilikuwa na uzito kuliko umri wa gari.

Mwaka 2020 Toyota iliacha kutumia jina la Vitz huko Japani, ikaweka Yaris. Zile za mwisho zitatimiza miaka 8 mwaka 2028. Kuanzia hapo Kenya haitaipokea hata moja, na anayeagiza Dar es Salaam atalipia uzee wa kila moja.