Nyumba ya Zamani Greyville: Ilikuwa ya Nani?

Tangu kipindi kile cha kununua nyumba, mmeniuliza sana kama bado naitaka ile ya Greyville. Naitaka, jamani. Matofali ya zamani, paa la bati, baraza pana mbele. Dalali anaisifia kuta. Mama, mtu wa Tanga, aliuliza kitu kimoja tu: "Ilikuwa ya nani, mwanangu?"

Hapa Durban swali hilo ni zito. Mwaka 1943 ilipita sheria iliyojulikana kama Pegging Act, ikabana mauziano ya nyumba kati ya Wazungu na Wahindi mjini humu. Mwaka 1950 ikaja Group Areas Act, ikagawa miji kwa rangi. Greyville kulikuwa na eneo lililoitwa Block AK, lenye nyumba za familia za Kihindi. Serikali ikazichukua, zikabomolewa, na ardhi ikakaa tupu miaka na miaka. Watu walikuwa na hati mkononi na bado wakaondolewa.

Sasa, usiseme hayo ni ya Wahindi, sisi hayatuhusu. Wengi wetu tunadhani historia ya Waswahili Durban ilianza wazazi wetu walipofika. Hapana. Agosti 1873 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Briton, ilileta hapa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengine walifuata hadi 1880. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Zanzibar, wakaitwa Wazanzibari. Walipangiwa kazi kwa mikataba ya miaka, na Uislamu wao wakaushika.

Mwaka 1899 wadhamini Waislamu walinunua ardhi King's Rest, kule Bluff, na jamii hiyo ikakaa hapo. Walijenga nyumba, wakawa na msikiti, wakazika wazee wao. Kisha Bluff ikatangazwa kuwa ya Wazungu. Serikali haikujua iwaweke wapi watu hawa: ni Waafrika, ni Waislamu, wanaitwa Wazanzibari. Mwishowe ikawaandika "Waasia wengine", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth. Wajukuu wao wapo huko hadi leo.

Ndiyo maana siwezi kuangalia kuta peke yake. Kama na wewe unatafuta nyumba ya zamani huku, fanya haya kabla ya kutaja bei. Omba historia ya hati katika ofisi ya usajili wa ardhi, Pietermaritzburg. Soma majina na miaka: nani alimuuzia nani, na lini serikali iliingia katikati. Uliza pia kama kuna dai la ardhi. Sheria ya mwaka 1994 iliwapa haki ya kudai watu walionyang'anywa ardhi kwa sheria za kibaguzi baada ya 19 Juni 1913. Na kumbuka, jengo lililopita miaka 60 huligusi bila kibali cha urithi.

Mimi nimeshaomba nakala zangu. Nikikuta familia ilitolewa mle kwa nguvu, nitawatafuta watu wake kwanza, halafu ndio nimrudie dalali.